Maswali ya Wasomaji: Fort Jesus, Kuta Kwanza, Makabati Baadaye

Barua nyingi zilizotufikia mara hii zinahusu ngome ya Mombasa. Tumechagua saba. Majibu yote yana ushauri mmoja ndani yake: vitu vilivyowekwa kwenye makabati ya kioo ni vizuri, lakini kitu kikuu cha kutazama Fort Jesus ni Fort Jesus yenyewe. Kila aliyeishika, Wareno, Waarabu wa Oman na Waingereza, aliongeza jambo ukutani, na mengi yangalipo.

Tuna wanafunzi 64 wa Gredi ya Sita na tunataka kwenda na kurudi siku moja. Shule ya jirani ilifika Mombasa saa sita mchana, watoto wakachoka kwa jua, wakaishia kupanda mizinga na kurudi. Tupange vipi? — Mwalimu, Voi

Mwalimu, tatizo la majirani zenu lilikuwa saa. Voi na Mombasa ni takribani kilomita 150, lakini barabara hujaa malori kuanzia Mazeras hadi Changamwe, na hapo ndipo basi hupoteza muda. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Mkifika saa tatu kasoro, mtapata ua wa ngome ukiwa bado na kivuli upande wa mashariki, na makundi ya watalii hayajajazana. Kuanzia saa tano jua hugonga mawe na kurudi usoni, na mtoto wa miaka 11 hasikilizi tena. Treni nayo husimama Voi, ila kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa, na kuwahamisha watoto 64 kwa matatu kutoka hapo kutakula muda mlionuia kuokoa. Kodini basi.

Kabla ya safari, andikeni barua yenye mhuri wa shule kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, mkitaja tarehe, idadi ya wanafunzi, idadi ya walimu na saa ya kufika. Ombeni mwongozaji katika barua hiyo hiyo. Langoni hapapokelewi pesa taslimu. Malipo hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Lipeni siku moja kabla na mchapishe risiti. Tunasisitiza kuchapisha, kwa sababu simu ya mwalimu mmoja ikizima chaji au mtandao ukilegea, darasa zima linabaki juani. Viwango vya wanafunzi, watu wazima, raia na wageni ni tofauti, basi hakikisheni mmechagua kundi la wanafunzi. Kubadilisha malipo yaliyokwisha kuingia ni kazi ndefu.

Siku yenyewe msikimbilie ndani. Tumieni dakika 20 nje, kando ya handaki. Waonyesheni watoto pale ukuta unapoota kutoka kwenye mwamba: sehemu ya chini haikujengwa, ni mwamba wa matumbawe uliochongwa, na mawe ya kujengea yameanzia juu yake. Waulizeni wautafute mstari huo wenyewe. Halafu langoni wasimamishe kidogo watazame jiwe la maandishi ya Kireno la mwaka 1635, ambalo kapteni Francisco de Seixas de Cabreira aliliweka kujisifia matengenezo aliyoyafanya baada ya Wareno kuirudia ngome waliyokuwa wamenyang'anywa mwaka 1631.

Ndani, wagawanyeni makundi matatu ya watu 20 hivi. Vyumba vya maonyesho ni vyembamba, na kundi la 64 likiingia pamoja wa mbele ndio wataona na wa nyuma watasukumana. Kundi moja lianze na makumbusho, la pili mabaki ya kanisa, kisima na birika la kuhifadhia maji uani, la tatu lipande buruji, yaani ngome ndogo ya kona inayochomoza ukutani, kisha wabadilishane kila baada ya dakika 35. Kwa kila watoto kumi awepo mtu mzima mmoja, na juu ya buruji awepo mmoja zaidi ambaye kazi yake ni kusimama tu upande wa ukingo. Kuta zile zilijengwa kuzuia maadui waliotoka nje. Kwa anayekimbia juu yake akiwa ndani hazina huruma. Mizinga isipandwe: chuma kilichokaa kwenye hewa ya chumvi hubanduka magamba, na magamba hayo hukata.

Maji lita moja kwa kila mtoto, kofia, na viatu vilivyofunikwa vidole. Chakula kiliwe baada ya ziara. Mkiondoka Mombasa saa nane mchana, mtaliepuka foleni la jioni.

Husemwa Fort Jesus ina umbo la mtu aliyelala. Nimezunguka ndani mara mbili na sikuliona. — Msomaji, Malindi

Hutaliona ukiwa ndani, wala ukiwa nje. Huonekana kwenye ramani au picha iliyopigwa kutoka angani: kichwa kimeelekea baharini, na buruji nne zimekaa kama mikono na miguu. Mchoraji wake, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mwitaliano aliyewatumikia Wareno wakati taji la Ureno lilipokuwa kichwani mwa mfalme wa Hispania. Wasanifu wa zama zake waliamini kwamba uwiano ulio kamili hupatikana katika mwili wa binadamu, na imani hiyo ni mojawapo ya sababu zilizotajwa UNESCO ilipoiingiza ngome katika Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Hata hivyo, umbo lile lina kazi iliyo muhimu kuliko uzuri. Simama juu ya buruji ya San Felipe utazame kando, si mbele. Utaona ukuta wote unaofuata hadi buruji ya pili, kutoka juu hadi chini. Adui aliyefika kwenye msingi wa ukuta ili kuuchimba au kuegemeza ngazi hakuwa na mahali pa kujificha: aliyekuwa juu yake hakumwona, lakini waliokuwa kwenye buruji mbili za pembeni walimwona na kumlenga. Buruji nyingine zaitwa San Alberto, San Matias na San Mateus. Ukishaelewa jambo hili, utaona pia kwa nini Waomani hawakuupanda ukuta mwaka 1696 na badala yake waliizingira ngome kwa miezi 33.

Vitabu vya shule husema tu "Waarabu waliwafukuza Wareno mwaka 1698". Ilikuwaje hata ikachukua karibu miaka mitatu? Na ni wapi ndani ya ngome naweza kuona alama za vita hivyo? — Mwanafunzi wa chuo, Kilifi

Swali zuri, na sentensi ile ya vitabuni inaficha mengi, hasa watu wa pwani waliokufa pande zote mbili.

Anza na sababu ya ngome kuwapo. Wareno walipita Mombasa mara ya kwanza mwaka 1498 na waliuchoma mji mwaka 1505, lakini makao yao kwa muda mrefu yalikuwa Malindi, kwa mfalme rafiki yao. Kilichowasukuma kujenga ni hofu ya Waturuki. Katika miaka ya 1580 nahodha Mturuki Amir Ali Bey alifika pwani, na miji mingi ikampokea. Baada ya kumshinda Mombasa mwaka 1589, Wareno waliamua kuushika mji wenyewe. Ujenzi ulianza mwaka 1593, kwa mafundi wa mawe kutoka India na vibarua kutoka Malindi, na kufikia 1596 ngome ilikuwa ikikaliwa. Mfalme wa Malindi alihamishiwa Mombasa.

Urafiki huo ulioza. Hasan bin Ahmad, mfalme wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 baada ya kugombana na kapteni. Mwanawe Yusuf alipelekwa Goa, makao ya Wareno nchini India, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akarudishwa kuwa mfalme. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudia jina lake na dini yake. Jeshi la Wareno lililotumwa kuirudisha ngome lilishindwa. Yusuf mwenyewe aliiacha mwaka 1632 na kuondoka kwa merikebu, na ndipo Wareno wakaingia tena. Lile jiwe la 1635 langoni linatokana na kurudi huko.

Basi Waomani wa Imamu Saif bin Sultan walipofika Machi 1696, waliujua ugumu wa kuta. Wakaukata mji na ngome, wakangoja. Ndani walikuwamo Wareno wachache, kati ya 50 na 70, pamoja na mamia ya watu wa pwani waliokuwa upande wao, wanawake na watoto wakiwamo. Msaada kutoka Goa ulifika Desemba 1696, lakini maradhi yaliwamaliza watu kuliko risasi. Katikati ya 1697 Wareno wote wa kikosi kile walikuwa wamekufa, na ngome ikawa mikononi mwa Daud wa mji wa Faza, na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Tunaomba wasomaji wasipite haraka hapa. Kwa miezi kadhaa, ngome ya Wareno ililindwa bila Mreno, na wengi wa waliolinda walikuwa wanawake.

Septemba 1697 merikebu za msaada zilirudi. Mojawapo, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwezi wa Oktoba. Vita vikaendelea mwaka mmoja zaidi. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Desemba 1698, Waomani walipanda na kuingia. Ndani walimkuta kapteni, kasisi na askari wasiofika kumi. Merikebu nyingine za msaada zilifika siku chache baadaye, zikaona ngome imekwisha kutwaliwa, zikaondoka.

Alama zake? Nenda kwanza kwenye chumba cha vitu vya Santo António de Tanná. Vilitolewa baharini na wapiga mbizi wa kiakiolojia kati ya 1977 na 1980. Kisha nenda kwenye kisima na birika. Pima kwa macho, ujiulize mamia ya watu walikunywaje miezi 33. Upande wa mashariki kuna njia ya matao iliyokatwa ndani ya matumbawe kushuka hadi baharini. Ngome iliyozingirwa upande wa nchi kavu ilipumua kwa upande wa maji. Mwisho tazama sehemu za juu za kuta zenye matundu membamba ya bunduki: nyingi za hizo ni za Waarabu, walioinua kuta baada ya kuirithi. Ukizitofautisha na kazi ya chini, umekwisha kuona karne mbili kwenye ukuta mmoja. Na ukisoma "1698" kama mwisho wa Wareno, kumbuka walirudi tena 1728 na kuondolewa 1729, safari hii na watu wa Mombasa wenyewe.

Nyumba yetu ya urithi Mji wa Kale ni ya mawe ya matumbawe. Tuliipiga lipu ya saruji, na baada ya miaka mitatu inabanduka kwa mapande na ndani kuna unyevu hadi kiunoni. Ngome ina miaka zaidi ya 400 na imesimama. Wenzetu walitumia nini? — Bi. F., Mombasa

Bibi, walitumia chokaa, na kosa si la fundi wako kukosa ustadi. Ni la saruji kuwekwa mahali pasipo pake.

Jiwe la matumbawe lina vitundu. Maji hupanda kutoka ardhini, yakiwa na chumvi, na ukuta huyatoa kwa kuyavukiza juu ya uso wake. Lipu ya chokaa nayo ina vitundu, hivyo unyevu hupita. Saruji hufunga. Maji yakizuiwa hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na chumvi hukauka nyuma ya lipu, ikatanuka, ikaisukuma. Ndiyo maana lipu yako inatoka kwa mapande, na nyuma yake jiwe limekuwa unga mweupe.

Chokaa ya zamani ilipatikana kwa kupanga vipande vya matumbawe juu ya kuni nyingi na kuvichoma. Jivu lake jeupe likamwagiwa maji na kuachwa lipoe shimoni kwa muda mrefu. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini. Leo matumbawe ya baharini yasivunjwe. Nunua chokaa ya kujengea iliyo tayari, uiloweke majini wiki kadhaa kabla ya kuitumia.

Kazi yenyewe ni hivi. Bandua saruji taratibu kwa tindo na nyundo ndogo. Mashine ya kupasulia itavunja jiwe. Acha ukuta wazi upumue, miezi kadhaa ikiwezekana, na uipige chumvi inayotokea kwa brashi kavu, usiioshe kwa maji maana itarudi ndani. Changanya kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga mkali uliooshwa. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Lowesha ukuta kabla ya kupaka. Kila tabaka lisizidi sentimita moja na nusu, na la pili lisubiri la kwanza lishike. Kwa siku saba funika kwa magunia yaliyoloweshwa, kwani chokaa hukazwa na hewa polepole, na ikikaushwa na jua siku ya kwanza itapasuka. Juu yake paka chokaa, si rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta itakurudisha ulikotoka.

Tazama pia ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Unyevu ulipanda hadi kiunoni kwa ghorofa ya chini, lakini paa likivuja, ncha hizo huoza bila kuonekana. Na kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, pitia ofisi ya uhifadhi kabla hujagusa uso wa mbele wa nyumba, mlango au roshani. Watakushauri pia ni mafundi gani wanaoijua chokaa.

Ngome nayo haikusimama bila matunzo. Mawimbi yalikuwa yakiula mwamba wa chini upande wa bahari, hata ikabidi ujengwe ukuta wa kuyazuia katika miaka ya karibuni.

Mama yangu ana miaka 78 na magoti yanamsumbua. Ataweza kuona nini? — Msomaji, Nakuru

Mengi, ila msipande. Njia ya kuingilia langoni ina mwinuko na jiwe limelainishwa na miguu ya watu, kwa hivyo mshike mkono na asivae kandambili. Akishafika uani, sehemu kubwa ni tambarare: mabaki ya kanisa, kisima, mifupa ya nyangumi na makumbusho vyote vinafikika bila ngazi nyingi. Nyumba ya Waomani iko juu ya buruji ya San Felipe. Hiyo iacheni kama anaumia. Asikose kuta zilizochorwa na walinzi wa Kireno, picha za merikebu na watu walizochora kupitisha zamu. Fikeni mapema asubuhi, au baada ya saa tisa alasiri.

Babu yetu alifungwa Fort Jesus enzi za mkoloni. Tunaweza kukiona chumba chake? — Ukoo mmoja, Kwale

Poleni, pengine hamtaweza kukionyesha kwa kidole. Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza mwaka 1895, na ilibaki hivyo hadi 1958. Ilipokabidhiwa kuwa hifadhi, majengo mengi ya gereza yaliondolewa ili kufikia yaliyokuwa chini yake. Mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuchimba, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960 kwa msaada wa Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Uamuzi huo uliokoa kanisa, kisima na misingi ya karne ya 17, lakini ulifuta sehemu kubwa ya miaka 63 ambayo Wakenya wengi waliijua ngome kwa minyororo. Kwa maoni yetu, miaka hiyo ilistahili nafasi zaidi kuliko iliyoipata.

Tafuteni karatasi. Nyaraka za utawala wa kikoloni wa Pwani huhifadhiwa Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi. Nendeni na jina kamili la babu pamoja na jina la baba yake, kijiji, mwaka wa kukamatwa hata kama ni wa kukisia, na aina ya kosa. Majina ya watu wa Pwani yaliandikwa na makarani wageni kwa tahajia zao, kwa hiyo andaeni namna tatu au nne za kuliandika jina lake. Na kabla ya yote, rekodini sauti za wazee wa ukoo waliomsikia mwenyewe akisimulia.

Tunatoka Tanga kwa basi, tunavuka Horohoro. Kiingilio chetu ni cha wageni au cha wenyeji? — Msomaji, Tanga

Si cha mgeni wa mbali wala si cha Mkenya. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana kiwango chao, na hutolewa kwa anayeonyesha kitambulisho, basi pasipoti au hati yenu ya kusafiria isibaki hotelini. Bei hubadilika, angalieni kwenye ukurasa wa malipo siku ya kwenda. Kwa kuwa malipo ni ya eCitizen, aliye na M-Pesa ya Kenya hulipa kwa namba 222222, na asiye nayo atumie kadi ya benki. Wapo watu karibu na lango watakaojitolea "kuwalipia" mkiwapa taslimu. Kataeni kwa upole. Mkitaka mwongozaji, ombeni kuona kitambulisho chake cha kazi na mpatane bei na muda kabla ya hatua ya kwanza.

Basi la Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka, litawafikisha Likoni. Vukeni kwa feri, waendao kwa miguu hawalipi, kisha chukueni tuktuk hadi mwisho wa barabara ya Nkrumah. Ngome iko hapo hapo, mkono wa bahari. Epukeni kuvuka saa za watu kwenda kazini, asubuhi na jioni.